Mwaka Uso wa Ngalula Ulipotakata

Ujumbe ulinikuta mezani, nikiwa katikati ya sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamivu, katika sentensi inayoeleza jinsi homoni za kiume zinavyoziamsha tezi za mafuta katika ngozi ya mwanamke mtu mzima. Ulikuwa mfupi: Ngalula amefariki, amezikwa jana. Niliilaza simu kifudifudi, nikaimaliza ile sentensi, nikaweka nukta, kisha nikaifunga tasnifu. Wanafunzi wenzangu, ambao wengi wao wangeweza kuwa wanangu, hudhani kwamba nimerudi darasani katika umri huu kwa ajili ya cheo, na kwamba mada ya homoni na chunusi niliipata katika majarida. Sijawahi kuwasahihisha. Tasnifu haina nafasi ya mtu mmoja. Mtu mmoja si ushahidi, na msimamizi yeyote makini angeufuta ukurasa wake kwa mstari mmoja wa wino. Hata hivyo, ukiondoa majedwali, yote ninayoyajua kuhusu jambo hili niliyajua kwanza katika mwaka mmoja, mjini Kolwezi, katika nyumba ya fundi cherehani mwenye asili ya Kasai, mwaka ambao watu wa asili yake walikuwa wakifukuzwa kutoka Katanga. Kwa hiyo sura hii naiandika nje ya tasnifu. Na kwa kuwa nimezoea kutanguliza hitimisho, nalitanguliza: nilikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, nilikuwa sahihi kuhusu dawa, na bado nilikosea.

Chuo kilikuwa kimefungwa bila tarehe ya kufunguliwa. Nilifika Kolwezi na katoni moja ya vitabu kwa sababu maabara ya hospitali moja ilikuwa imekubali kunipokea, ili nipime homoni katika damu ya wanawake kwa ajili ya kazi yangu ya uzamili. Mkuu wa maabara alinipokea kwa adabu kubwa, akanifungulia kabati, na ndani yake nikaona chupa za vitendanishi, zile kemikali za kupimia, tupu, zimeoshwa na kupangwa midomo chini, kama vikombe vya wageni wasiotarajiwa tena. Nilibaki, kwa maana kurudi kulihitaji sababu na sikuwa nayo. Nikapanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Kapend, fundi umeme wa migodini, na mkewe Ngalula, yule fundi cherehani. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la wavu, kitanda cha chuma, na ukuta uliopakana na sebule kiasi kwamba nilisikia kila kilichosemwa huko, hata kijiko kikiwekwa. Jioni Kapend alirudi kutoka mgodi wa Mashamba, akaketi mbele ya bukari, ule ugali wetu wa mahindi na muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, akatutajia mashine gani nyingine imezimwa siku ile. Alizitaja kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa. Ngalula alimsikiliza, akamwongezea sombe, na taa ilipowaka aligeuza uso kidogo, upande wa kivuli.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba aligeuza uso kila mara, na kila mara upande uleule. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kazi, na kuanzia chini ya masikio hadi kidevuni ngozi yake ilikuwa imejaa chunusi: si vile vipele vidogo vya wasichana, bali uvimbe mgumu uliokaa ndani, wenye rangi ya zambarau, uliopona kwa kuacha doa na kuota tena kando ya doa. Aliufunika kwa poda na kitambaa cha kichwa alichokishusha hadi mashavuni hata wakati wa joto. Nami nilikuwa na zangu, mahali palepale, tayani na kidevuni, haba kuliko zake lakini za ukoo mmoja. Wateja waliokuja kupimwa mabaya yao, yaani blauzi za kuvaliwa na kikwembe, kitenge cha kujifunga, walitutazama sisi wawili kama watu watazamavyo miti miwili ya shamba moja iliyopatwa na kutu, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Kulikuwa na waliosema ni karanga, waliosema ni tumbo chafu, na mama mmoja mnene wa sokoni aliyenisema waziwazi, kwa Kiswahili cha pale kinachosema mais badala ya lakini na njo badala ya ndiyo, huku amenyoosha mikono apimwe kifua.

“Mamzelle, weye unasoma mingi, mais hautaki kusikia. Ile bipele ni kukosa bwana. Olewa, mwezi moja tu, itaisha.”

Mwenzake aliyeketi kwenye benchi alicheka. “Sasa Ngalula ye, hana bwana? Juu ya nini yake haiishe?”

Cherehani haikusimama. “Yangu iko inangojea bwana wa pili,” alisema Ngalula bila kuinua kichwa, na chumba kizima kikaangua kicheko, yule mama mnene akashika ukuta. Nilicheka pia. Ila niliuona mguu wake kwenye pedali ukienda kasi kuliko mshono ulivyohitaji, na jioni ile alifumua libaya zima na kulishona upya.

Asubuhi niliyojua yote ilikuwa ya kawaida. Niliingia jikoni kuomba chumvi, nikamkuta kando ya dirisha na kioo kidogo mkononi, akinyofoa nywele za kidevu kwa kibanio. Hakushtuka. “Funga mulango, Numbi,” alisema. “Sasa unaona. Niko na ndevu kama tata mwenye alinizaa.” Nilifunga mlango nikabaki nimesimama na kikombe kitupu cha chumvi, na mimi ambaye nilikuwa nimekuja Kolwezi kupima damu kwa mashine, nikauliza swali ambalo halikuhitaji mashine yoyote: hedhi yake ilikuwa inakuja vipi. “Mara tatu ku mwaka. Wakati ingine mbili. Inakuya kama mugeni wa Sandoa, haipigi hodi.” Na walikuwa wameoana miaka mitano, bila mimba hata moja. Nakumbuka furaha niliyoihisi, na sijivunii furaha hiyo. Ilikuwa furaha ya mtu anayeona vipande vitatu vikikaa pamoja. Kila mwanamke hutengeneza homoni za kiume kidogo, katika ovari zake na katika tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, au ngozi ikiwa nyepesi kuzisikia, tezi za mafuta hutoa mafuta mengi, vinyweleo huziba, na vijidudu vya ngozi huvimbisha kilichoziba. Ndiyo maana chunusi za mwanamke mtu mzima hupenda taya na kidevu, na kwa wengi huchachamaa siku chache kabla ya hedhi. Lakini zikija pamoja na ndevu na hedhi iliyopotea, basi ovari zenyewe zinazungumza: mayai hayakomai wala hayatoki, na homoni ambayo ingepaswa kupungua hubaki juu. Uso, kidevu na tumbo la Ngalula havikuwa aibu tatu. Vilikuwa ugonjwa mmoja. Nilimweleza hayo nikiwa nimesimama, kwa dakika nyingi, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: “Basi haikuwa ndoki?” Nikasema hapana, hakuna mchawi. Akakaa chini kwenye gunia la makaa, akatazama kibanio, na kwa muda mrefu hakukitumia.

Dawa haikuwa ya siri. Mimi mwenyewe nilikuwa naimeza kwa mwezi wa tatu, kutoka kwa Mama Odile, mkunga wa zahanati moja iliyokuwa bado na akiba ya dawa: vidonge vya kupanga uzazi, vya homoni mbili. Huzilaza ovari, hivyo zinatoa homoni za kiume kwa uchache. Na hulifanya ini kutengeneza kwa wingi protini inayozishika zile zilizomo katika damu, zisifike kwenye ngozi. Si ya haraka. Huhitaji miezi mitatu, minne. Kwangu ilikuwa inafanya kazi, na Ngalula, ambaye jicho lake lilipima nguo kwa nusu ya kidole, aliona kabla yangu. Mama Odile alimpima shinikizo la damu, akamuuliza kuhusu maumivu ya miguu na ya kichwa, akamwandikia. Tulizungumza njiani tukirudi, na mazungumzo hayo nimeyapitia tena mara nyingi kuliko ukurasa wowote nilioandika.

“Na nikimeza ile, mimba?”

“Haiwezi kuingia. Wakati unameza, mayai haitoki.”

“Mais mayai yenyewe haitoki hata sasa. Njo vile ulisema.”

“Njo vile. Kuko dawa ingine ya kuamusha mayai, mais hapa Kolwezi sijaiona.”

“Basi napoteza nini? Miaka mitano nangojea tumbo. Uso, nabeba nayo kila siku mbele ya batu. Tuanze na uso.”

“Na Kapend?”

“Kapend ntamwambia.”

Kila neno la mazungumzo yale ni sahihi; ningeyasaini leo. Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa na haraka, na haraka yangu alikuwa ameiona. Nilitaka kuona uso ule ukitakata. Sikuwa na maabara, sikuwa na vitendanishi, sikuwa na chuo, na hapa palikuwa na mwanamke mmoja ambaye mwili wake ungeweza kunithibitishia kwamba vitabu vyangu havikuwa karatasi tu. Je, mtu anaweza kukataa kitu anachopewa na macho yenye njaa kiasi kile? Naandika tu kwamba sikumuuliza mara ya pili kama amemwambia mumewe, ingawa nilijua kwamba hakumwambia.

Nje ya nyumba, mwaka ulikuwa unageuka. Neno lilikuwa limeanza kupita barabarani, bilulu, wadudu, na walioitwa hivyo walikuwa makarani, walimu, mafundi na wauguzi ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na ambao wengi hawakuwahi kuiona Kasai yenyewe. Wateja walipungua, kwanza wale waliokuwa wanaogopa kuonekana, kisha wale waliokuwa wanaonekana wakiondoka, na magodoro vichwani, kuelekea stesheni kungoja treni iliyokuja inapotaka. Watu walilala stesheni wiki nzima, na watoto walikuwa wakizikwa kando ya reli. Katika siku hizo ndipo alipofika Mama Kalumba, mama yake Kapend, Mlunda wa Katanga kama mwanawe, kutoka Kasaji, na magunia mawili ya muhogo na kuku mmoja hai. Hakuwa mwanamke mbaya, na sitaki msomaji amwone hivyo. Alikuwa na hofu kwa ajili ya mwanawe, na hofu yake ilikuwa na ulimi. “Mi nilizaa tisa,” alisema akimenya karanga mbele ya mkwe wake, “na uso wangu haukupata ata kimoja. Huyu wetu, Mungu alimupatia uso wa kijana wa miaka kumi na tano, na ndevu yake, na tumbo yake vilevile.” Kupitia ukuta nilimsikia akimwambia Kapend kwa sauti ya chini kwamba nyumba yenye mke wa Kasai itawekwa alama, na kwamba kama kungekuwa na mtoto angalau, watu wangejua mtoto ni wa nani, lakini hakuna mtoto, basi anamlinda nani? Kapend alijibu kwamba amechoka. Huo ndio ulikuwa mzani wa nyumba ile: upande mmoja Ngalula, na upande wa pili stesheni.

Mwezi wa nne wa vidonge ngozi ilitulia. Si kwa muujiza. Madoa yalibaki kwa miezi, lakini uvimbe ulikoma, mafuta yalikauka, na asubuhi moja Ngalula alinawa kwenye bomba la uani bila kitambaa. Mama Kalumba alikuwa anafagia. Aliuacha ufagio, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga jinsi mtu anavyokagua kitambaa dukani. Kwao, na kwetu pia kaskazini, wanawake wazee wanajua kwamba mimba changa huanza usoni: ngozi inayolainika ghafla inasema kabla tumbo halijasema. “Unatapika?” aliuliza. Ngalula alikuwa amesikia kichefuchefu wiki za kwanza, kama vidonge vile vinavyofanya mara nyingi, na Mama Kalumba alikuwa amekiona. “Maziwa inauma?” Ilikuwa inauma, na sababu ni ileile. Ngalula akanitazama juu ya bega la yule mama. Nilikuwa na ndoo mkononi. Kila ishara aliyoitaja ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa kazi ya dawa inayozuia ile mimba ambayo yeye alidhani kwamba ndiyo iliyozileta, na mimi pekee katika ua ule nilikuwa na maneno ya kulisema hilo kikamilifu. Niliiweka ndoo chini. Mama Kalumba alikuwa tayari ameanza kulia kwa furaha, na kabla ya saa sita barabara yote ilijua.

Siku tatu baadaye vijana waliokuwa wakiwatoa watu wa Kasai nyumba kwa nyumba walikuja na orodha yao. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mama Kalumba alisimama mlangoni na kikwembe kimefungwa kiunoni kama mtu wa kupigana. “Humu muko mutoto wa baLunda, ndani ya tumbo,” aliwaambia. “Munataka kumupeleka ku gare, kungoja treni? Munipeleke na mi. Na weye, mutoto wa Mama Véro, mi njo nilikuosha siku ulizaliwa, unaniangalia vile?” Yule aliyetajwa aliinamisha kichwa. Wakavuka, wakaenda nyumba ya pili, ya karani mzee wa Kasai na mkewe, na hao hawakuwa na mtu wa kusimama mlangoni. Tulitazama magodoro yao yakitolewa. Mzee yule alitusalimu kwa kofia, kama kila siku, akapita. Usiku wa deni langu ulianzia hapo, mchana kweupe: nilielewa kwamba uso uliotakata ulikuwa umemwokoa Ngalula kwa uongo, na kwamba uongo huo ulikuwa na miezi tisa tu ya kuishi, pungufu ya hiyo kwa kweli, kwa kuwa tumbo halikuwa na kitu cha kukua. Akiacha vidonge, chunusi zingerudi usoni na kumsaliti. Akiendelea navyo, tumbo lingemsaliti. “Nikisema hapana, kesho niko ku gare,” aliniambia jikoni. Nikamwambia tufikiri kwanza. Nilifikiri wiki tano.

Mama Kalumba ndiye aliyezimaliza. Alikuwa anatafuta sindano ya kushonea blanketi la mtoto, akafungua droo ya cherehani, akaikuta pakiti. Hakupiga kelele. Aliipeleka sokoni kwa mwanamke mmoja aliyewahi kwenda zahanati, akarudi, akamwita kaka yake mkubwa, na Jumapili baada ya misa wakaketi sebuleni: yeye, mjomba huyo, Kapend, na Ngalula kwenye kiti cha chini. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, nyuma ya ukuta. Nilisikia pakiti ikiwekwa mezani.

“Muone,” alisema Mama Kalumba. “Hii njo mujukuu wangu.”

Kisha mjomba akauliza nani alimpa. Ngalula alinyamaza. Akauliza tena, na Ngalula akanyamaza tena, na mimi nikaanza, kwa ada yangu, kupanga hoja: kwamba nikiingia ningeongeza hasira, kwamba mimi si wa ukoo, kwamba msichana asiyeolewa, wa familia ya Kikatoliki, akijulikana kwamba anameza dawa ile, hakuna atakayeuliza kuhusu ngozi yake, kwamba Ngalula angeweza kunitaja na hakunitaja, labda alikuwa na mpango. Zilikuwa hoja nzuri. Nilifika ya sita nikagundua kwamba zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Nikachukua pakiti yangu chini ya mto, nikaingia, nikaiweka mezani kando ya ile ya kwanza.

“Ni mi nilimupatia, Tata. Na hii ingine ni yangu.”

Mjomba alizitazama zote mbili. “Na weye, Mamzelle, bwana wako ni nani?”

“Sina bwana, Tata. Niko na bipele.”

Kapend alicheka, pumzi moja fupi iliyomponyoka, akaifunika kwa mkono. Nikaeleza. Sikuwahi kueleza vizuri zaidi, si mbele ya jopo lolote baadaye: homoni, mafuta ya ngozi, ndevu, mayai yasiyotoka, kwa nini dawa ya kuzuia mimba huponya uso, na kwa nini haikuua mtoto wala kumzuia ambaye angekuja. Kapend alisema kwamba alikuwa ameiona pakiti ile kwenye droo siku nyingi. “Sikuuliza. Niliona anacheka tena.” Mama Kalumba alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Maswali yake yalikuwa ya mwanamke ambaye angefika mbali shuleni.

“Haikuua mutu?”

“Haikuua mutu, Mama.”

“Ule uso haukuwa mimba.”

“Uso ulikuwa dawa.”

“Na ulinisikia mi nasema ku avenue muzima.”

“Nilikusikia.”

“Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza, Mama.”

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na halimo katika kitabu chochote cha homoni. Nilimwacha mwanamke mzee asimame mlangoni na kutoa mwili wake kwa ajili ya kitu nilichojua kwamba hakipo, kwa sababu kunyamaza kulinifaa. Mjomba alikohoa, akasema basi jambo ni rahisi, mtoto hakuna, na stesheni iko palepale ilipo. Kapend akasema, “Tata, ni bibi yangu,” lakini alisema akitazama sakafu. Na Ngalula, ambaye hakuwa amefungua kinywa, alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne juu ya goti, akainua uso wote kwenye mwanga wa dirisha. “Mama,” alisema, “ye alinieleza yote. Mi njo nilichagula. Nilitaka munione mara moja vile niko. Nikienda ku gare, ntaenda vile.”

Mama Kalumba aliinuka. Alichukua pakiti zote mbili, akazifunga katika pindo la kikwembe. “Bile bitoto bya barabara binajua nini?” aliuliza, na hakuwa akituuliza sisi. “Binajua kile mi nilibiambia. Sasa nirudi ku mulango nibiambie nini? Kama Mama Kalumba wa Kasaji eko muongo? Mi sijawahi kudanganya mutu. Nilisema Ngalula eko na mimba. Basi eko na mimba.” Mjomba alijaribu kusema kitu. “Kaka, kula karanga,” alimwambia. Kisha akanigeukia. “Weye, Mamzelle, unatoka leo. Siwezi kulala nyumba moja na mutu anayejua na ananyamaza.” Nilitoka kabla ya jua kuchwa, na katoni yangu, kwenda kwa Mama Odile.

Yaliyofuata niliyaona kwa mbali na kuyasikia kwa karibu. Ngalula alishona mto wa pamba wa kufunga tumboni kwa cherehani yake mwenyewe, na kila baada ya wiki kadhaa aliufumua na kuongeza. Aliacha vidonge, na miezi miwili mitatu baadaye chunusi zilirudi kwenye taya, kama zinavyofanya, kwa maana dawa ile hutuliza ugonjwa, haiung’oi. Niliogopa sana nilipomwona kanisani. Lakini Mama Kalumba alikuwa amelijibu hilo kabla halijaulizwa: aliiambia barabara kwamba mtoto ni mwanamume, kila mtu anajua mtoto mwanamume anaharibu uso wa mama yake. Barabara ilikubali. Hata Mama Odile, mkunga wa miaka mingi, alikiri kwangu kwamba naye huwa anasema hivyo. Treni za wakimbizi zilipungua, kisha zikakoma kwa sababu waliobaki wa kufukuzwa walikuwa wachache. Mwezi wa nane wa mto ule, Mama Kalumba alimchukua mkwe wake hadi Kasaji, akajifungulie kwa wakunga wa kwao. Walirudi baada ya wiki nne, mikono mitupu, na barabara nzima ikajua kwamba mtoto hakulia.

Najua msomaji angependa kuuliza kama Ngalula alizaa baadaye. Sitasema. Mwaka ule wote uso wake ulisomwa kana kwamba ni barua iliyoandikwa na tumbo lake, nami nilikuwa mmoja wa wasomaji; sitaki kumsomea tena. Nitasema tu kwamba alibaki Kolwezi, katika nyumba ile, na kwamba alishona hadi macho yalipomkatalia.

Kwao, na kwetu pia, kwa mtoto ambaye hakuonekana na watu, hakuna kilio kikubwa. Wanaume hawaji. Wanawake tu huja kukaa, siku moja, kwa sauti ndogo. Wageni kwenye viti na mabenchi, na wenye kufiwa chini, kwenye mkeka. Nilikwenda kwa kuwa kutokwenda kungeonekana. Niliwakuta majirani, hata mama yake yule kijana wa orodha, na unga aliouleta ulikuwa umewekwa pembeni. Ngalula alikuwa kwenye mkeka, uso wazi, chunusi zake zote mbele ya watu, ametulia. Kando yake Mama Kalumba alikuwa analia. Nilimtazama kwa ule ukali wangu wa kuchunguza, nikitafuta mahali ambapo kilio kile kingeonyesha kwamba kimetengenezwa, na sikupaona. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, kamasi zinamtoka, na mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya blanketi dogo lililoshonwa nusu. Nilivuta kiti ili niketi na wageni. Aliinua kichwa, akaniona, na kwa muda nilidhani angenifukuza tena. Alisogea kidogo upande wa ukuta, akapapasa mkeka mahali alipopaacha wazi.

“Acha kiti,” alisema. “Weye unakaa huku.”